Posa Iliyopenda Safari

Runji wa Ciakuthii hakuwa na sauti. Watu wa Runyenjes walilijua hilo tangu akiwa mchunga mbuzi, na mbuzi walikuwa wa kwanza kulijua. Hata hivyo, mwaka wa hamsini na sita alijiunga na kwaya ya vijana ya kanisa, akasimama mstari wa nyuma upande wa besi, na tangu hapo hakukosa mazoezi. Mama yake, Ciakuthii, alilia kwa furaha. Alidhani mtoto ameokoka.

Mtoto alikuwa ameona mbali kidogo kuliko wokovu. Hiyo ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Serikali ilikuwa imewang'oa watu mashambani mwao ikawapanga katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki, na ndani ya handaki vigingi vilivyochongwa, ncha juu. Lango lilikuwa moja. Langoni alisimama homgadi, mlinzi mwenyeji aliyepewa bunduki na serikali, na homgadi alikuwa na swali moja tu maishani: "Pasi iko wapi?" Asubuhi filimbi ililia, watu wakaenda kuchimba matuta, jioni ikalia tena, wakafungiwa. Baadhi ya wanaume walikuwa kizuizini, na baadhi habari zao hazikuulizwa tena, si kwa sababu hakuna aliyetaka kuzijua. Mwembu hakuweza kuvuka mto kumjulia hali shangazi yake bila idhini ya Bwana Shauri, mzungu mtawala wa wilaya, na Bwana Shauri hakuamini kwamba watu hawa wanaweza kuwa na mashangazi wengi kiasi hicho.

Lakini kwaya ilipita. Kwaya ilialikwa Embu mjini, ikaalikwa makanisa ya mbali, na kila mara pasi zilitoka bila maneno. Bwana Shauri aliamini kwamba mtu anayeimba hawezi kuwa anapanga njama, jambo linaloonyesha kwamba hakuwahi kuwa katika kwaya.

Runji alikuwa fundi wa baiskeli katika kijiji ambacho baiskeli haikuwa na mahali pa kwenda. Alikuwa na macho yanayowashwa na umbali. Akiona kilima alitaka kujua nyuma yake kuna nini, na akiambiwa nyuma yake kuna kilima kingine, hakuridhika mpaka akione. Kwa mtu wa namna hiyo handaki ni ugonjwa. Kwaya ilikuwa dawa.

Wenzake katika dawa hiyo walikuwa wawili. Kathuri, fundi cherehani, aliimba sauti ya tena vizuri, na kusema vizuri zaidi. Angeweza kumshawishi kuku aingie chunguni kwa hiari. Mbogo alichonga mawe ya ujenzi, na hakuwa na haja ya kusema, kwa kuwa kinywa chake kilikuwa na shughuli nyingine. Popote kwaya ilipokaribishwa, Mbogo alikumbukwa na wapishi.

Kiongozi wa kwaya alikuwa Mwalimu Njue, mtu mfupi mwenye sikio kali. Tangu wimbo wa kwanza alijua kwamba Runji hafai. Ila wenye vifua vya besi walikuwa kizuizini, na mstari wa nyuma ulikuwa na pengo.

"Wewe fungua mdomo tu," alimwambia. "Usitoe kitu."

Runji akatii. Alifungua mdomo mbele ya mabwana wakubwa Embu mjini, wakamsifu kwa unyenyekevu wake.

Sheria za kwaya zilikuwa mbili. Ya kwanza, anayeoa anahama: Jumapili inayofuata anakwenda kukaa benchi ya wazee, maana kwaya ni ya vijana. Ya pili, anayeiletea kwaya aibu anafukuzwa. Runji alikusudia kutoigusa hata moja. Kuhama au kufukuzwa kulikuwa kitu kimoja: lango lingefungwa, na angebaki kuangalia mlima kutoka upande mmoja mpaka azeeke.

Sheria ya pili aliigusa Kiritiri.

Kwaya ilifika huko Ijumaa, katika nchi ya chini ya Wambeere, ambako majani yana rangi ya simba na jua halina adabu. Ibada ilikuwa Jumapili. Jumamosi ilitengwa kwa mapumziko na maombi. Kathuri aliomba kwa muda mfupi, kisha akasema, "Nimeambiwa mto Tana uko hapo chini tu."

"Nani amekuambia?" Runji aliuliza.

"Mwenyeji."

Mwenyeji wa Mbeere akisema hapo chini tu, mgeni mwenye busara hubeba chakula. Hawa walibeba kanzu. Walizivaa zile kanzu nyeupe za kwaya zenye ukosi wa buluu, kwa kuwa doria haikuwasumbua watu wa kanisa, wakashuka kati ya michongoma na mawe na vichuguu virefu kuliko Mwalimu Njue, mpaka mto ukaonekana, mpana, mwekundu, unakwenda zake bila kuulizwa pasi na mtu. Upande wa pili viboko walikuwa wamejilaza majini kama wenye mali. Runji alikaa juu ya jiwe akatazama mpaka wenzake wakadhani amepigwa na jua.

"Unaona nini?" Mbogo alimuuliza.

"Hayo maji yanafika baharini."

"Yana samaki?"

Walifua vumbi kwenye kanzu, wakazitandaza vichakani, wakaoga pembeni mahali penye maji ya kina kifupi. Ndipo nyani walipokuja. Kanzu mbili ziliokolewa kwa mawe na matusi. Ya tatu, ya Mbogo, iliyokuwa pana kupita zote, ilipanda mlima mgongoni mwa dume mmoja mkubwa ambaye kichwa chake, kwa bahati tu, kilikuwa kimetokea mahali panapostahili.

Doria ya homgadi ilikuwa ukingo wa pili wa bonde. Waliona mtu mwenye kanzu nyeupe anakwenda peke yake porini.

"Simama! Pasi!"

Mtu yule aligeuka, akawatazama kwa dharau, akaendelea. Walipiga risasi, wakamkosa, kama desturi yao. Jioni taarifa ilimfikia Bwana Shauri kwamba mwanakwaya mmoja wa Runyenjes amekataa kuonyesha pasi, akapanda mti kwa kasi isiyo ya kawaida kwa Mkristo.

Mwalimu Njue aliitwa kueleza. Hakuna aliyesikia alichoeleza, lakini alirudi akiwa mfupi zaidi. Aliwaita watatu hao nyuma ya kanisa.

"Kathuri," alisema, "sina mwimbaji mwingine wa sauti ya tena. Mbogo, hakuna mwingine anayeweza kubeba kinanda. Wewe Runji unafungua mdomo. Midomo iko mingi. Aibu nyingine moja, hata ndogo kama haradali, utachimba matuta mpaka Yesu arudi. Umesikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

"Na akirudi atakukuta na jembe."

Kwa mwaka mzima Runji aliishi kama mtu aliyebeba mayai. Hata kukohoa alikohoa kwa ruhusa. Kisha ukaja mwaliko mkubwa: kwaya iende Meru mjini, halafu ipande vilima vya Nyambene, ikaimbe katika kanisa la Igembe. Runji hakulala vizuri wiki hiyo.

Walisafiri kwa lori, wamesimama na kinanda katikati. Barabara ile ya zamani haikujengwa na mtu mwenye haraka. Ilishuka mpaka mto Thuci, ikapanda, ikashuka Nithi kwa kujipindapinda hata waliokuwa nyuma walipata nafasi ya kuwasalimu waliokuwa mbele. Runji aliona migomba ikigeuka misitu, misitu ikigeuka mabonde yenye ukungu, na kila mahali alitaka lori liharibike kidogo.

Meru mjini walipewa muda wa kunyoosha miguu. Wanakwaya wengine walinyoosha miguu. Runji aliona nyumba ya ghorofa karibu na Makutano, na ngazi zake zilikuwa wazi.

"Kutoka juu pale," alisema, "mji wote unaonekana. Na Nyambene pia."

"Mwalimu alisema tusiguse kitu," Mbogo alimkumbusha.

"Ngazi si kitu. Ngazi ni njia," Kathuri alisema, akatangulia.

Juu palikuwa na dirisha, na dirishani palikuwa na kila kitu: mabati ya maduka ya Wahindi, askari wanaojipanga, wanawake na vikapu vyao, na vilima vya buluu kwa mbali vilivyopangwa kama migongo ya ng'ombe. Walikuwa bado wanatazama mlango ulipofunguka nyuma yao. Mhindi mwenye koti jeupe aliuliza kwa Kiswahili cha dukani, "Nani kwanza?"

Hapo ndipo walipoona viti, na koleo. Ilikuwa nyumba ya mng'oa meno.

Kusema ukweli kungemaanisha kueleza kwamba Waembu watatu, wakati wa hali ya hatari, wamepanda juu ya mji kutazama askari wamejipanga vipi. Runji alimtazama Kathuri. Mbogo alimtazama Kathuri. Kathuri, ambaye hakuwahi kushindwa na neno, alifungua kinywa ili aseme jambo, na yule Mhindi akadhani ameonyeshwa mgonjwa.

Lilikuwa jino zima, halina kasoro. Kathuri alishuka ngazi akiwa na shavu kama limau la Murang'a, na kwa siku tatu zilizofuata kikundi hicho kilikuwa hakina msemaji.

Huko Igembe wanakwaya waligawanywa majumbani. Marafiki watatu walipelekwa kwa Mzee Bundi, mkulima mwenye migomba mingi, miraa mingi na maneno machache. Waliletewa maziwa, wakaletewa mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa, wakaletewa mbuzi. Mbogo alisema hadharani kwamba yeye angependa kuzikwa hapo. Siku ya pili Runji aliona vibaya.

"Tumekula sana," alisema. "Kwetu mtu hapokei wema huu mikono mitupu."

"Mmm," Kathuri alikubali kwa shavu.

Kwa hiyo walikwenda sokoni kutafuta zawadi. Miraa ilikuwa kila mahali, na walikwisha ona kwamba wenyeji hawawezi kukaa saa moja bila kuitafuna. Mabunda mengi yalikuwa yamerundikwa hovyo. Lakini moja lilikaa peke yake, limefungwa kwa jani bichi la mgomba, limekazwa kwa kamba ya gome la mgomba, safi, limenyooka kama mtoto aliyevalishwa kwenda kubatizwa.

"Nataka hilo," Runji alisema.

Muuzaji, mzee aliyeitwa Mutegi, aliacha kutafuna. "Hilo si la kutafunia njiani, kijana. Unampelekea nani?"

"Mzee Bundi, kule juu."

"Bundi mwenye mabinti?"

"Huyo huyo."

"Na nani anampelekea? Huyu mwenye shavu?"

"Mimi."

Mutegi alimpima kutoka viatuni mpaka kofiani. "Una miaka mingapi?"

Runji aliona ni swali geni sokoni, lakini kila nchi na mambo yake. "Ishirini na sita."

"Umechelewa kidogo. Si vibaya. Sasa sikiliza: ulibebe wewe mwenyewe, kwa mikono miwili. Hawa wakae nyuma. Na usichekecheke njiani."

Waliondoka wakisifu adabu ya Wameru, ambao hata mboga wanaibeba kwa heshima.

Mzee Bundi alikuwa amekaa uani kwenye kigoda. Alipoona linalokuja, alikiweka chini kisu chake. Alitazama bunda, akamtazama Runji, akatazama bunda tena.

"Nani amekutuma?" aliuliza.

"Moyo wangu tu, mzee."

"Umetujua kwa siku mbili."

"Zimetosha. Kwa yale niliyoyaona hapa, siku mbili zimetosha kabisa."

"Hm. Na kwenu wanajua?"

"Mama yangu ndiye aliyenilea hivi."

Mzee Bundi akawageukia waliosimama nyuma. "Na nyinyi mnasemaje?"

"Mmm," Kathuri alisema.

Mbogo akaona ni wajibu wake kulisaidia shavu la mwenzake. "Sisi tunamuunga mkono, mzee. Hata sisi tungeleta, ila tumeona alete mmoja kwa niaba ya wote watatu."

Mzee Bundi alishtuka wazi. "Kwa niaba ya wote watatu?"

"Si tumekula wote?"

"Huku kwetu," mzee alisema polepole, kama mtu anayemweleza mgeni mahali choo kilipo, "analeta mmoja. Na ni yake peke yake."

"Basi ni yangu," Runji alisema, ili kuyamaliza.

Mzee Bundi aliita ndugu zake. Walikuja wanne, wakakaa. Bunda lilifunguliwa bila haraka, kila mmoja akachukua kijiti, akachuna gome, akatafuna, akatikisa kichwa. Kisha mwenye nyumba akatafuna, na mara tu alipotafuna, vigelegele vikapaa kutoka jikoni.

"Hawa watu," Mbogo alimnong'oneza Runji, "wana shukrani jamani."

Aliyewafungua macho alikuwa binti mkubwa wa mzee, Igoki. Walikuwa wamemwona mara mbili tatu akipita na jembe, mrefu, mwenye uso usiogawa tabasamu bure. Alimkuta Runji kando ya migomba, akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Kumbe ni wewe unayenioa?"

"Mimi?" Runji alisema. "Mimi ni besi."

"Unafikiri umeleta nini pale?"

"Miraa."

"Umeleta ncoolo. Mwanamume akimtaka binti, analipeleka bunda hilo kwa baba yake. Baba akilifungua na kutafuna, amekubali. Na baba amekwisha kutafuna nusu."

Runji alihisi migomba inazunguka. "Si arudishe hiyo nusu nyingine?"

"Kitu kilichofunguliwa kinarudishwaje? Unataka kumwambia baba yangu, mbele ya ndugu zake wanne, kwamba umemkataa binti yake baada ya kula mbuzi wake?"

Runji hakutaka. Alimwona Mwalimu Njue wazi kama mchana. Akikataa, ukoo mzima utakuja kanisani kudai heshima yao, na hiyo si haradali tena, huo ni mbuyu wa aibu. Akikubali na kuoa, Jumapili inayofuata atakuwa benchi ya wazee. Njia zote mbili ziliishia langoni kwa homgadi. Kwa kuwa hakuwa na la kupoteza, alimweleza Igoki yote: handaki, kwaya, kufungua mdomo, sheria mbili. Hakumficha hata nyani.

Igoki alisikiliza. Aliposikia habari ya nyani mdomo wake ulicheza kidogo upande mmoja.

"Kwa hiyo na hiyo kwaya unakwenda popote?"

"Popote penye kanisa."

"Mimi tangu hali ya hatari ianze sijavuka soko lile. Kabla yake nilikuwa mdogo mno kutumwa, na sasa ni mkubwa mno kuachwa nitoke." Alitazama chini bondeni, ambako barabara ilipotelea. "Wewe usikatae. Wala usioe."

"Sasa nifanye nini?"

"Posa. Unajua posa ni nini? Posa ni safari. Wazee wenu watakuja huku kujulisha. Wetu watakwenda huko kuona kwenu. Wenu watarudi kuleta asali. Wetu watakwenda kusema asali imefika. Mama yako atakuja kumwona mama yangu. Mimi nitapelekwa kuonyeshwa kisima. Bwana Shauri hawezi kuzuia, wazungu wanapenda sana arusi, wanaona nchi imetulia. Tukienda polepole, tunaweza kufika mbali."

"Na mwisho wake?"

"Wewe hujaanza, unauliza mwisho?"

Siku ya kurudi, Mwalimu Njue alimsubiri Runji kando ya lori.

"Nimesikia unaoa."

"Nachumbia, Mwalimu. Kuoa bado."

"Lini?"

"Mila zao ni ndefu."

Mwalimu alifungua mdomo, akaufunga. Kuchumbia si aibu. Yeye mwenyewe alikuwa akiwahubiria vijana jambo hilo kila mwaka. Na kuchumbia si kuoa. Alizipima sheria zake mbili akamkuta Runji amesimama katikati yake kabisa, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kufikiria kuweka ukuta. "Panda lori," alisema.

Hivyo ndivyo posa ilivyoanza kusafiri. Wazee wa posa kutoka Runyenjes walikuwa Kathuri na Mbogo, ambao wote wawili kwa pamoja hawakufikisha umri wa mzee mmoja wa kweli. Waliazima makoti na bakora. Kathuri, jeraha limepona, alizungumza kwa mafumbo mazito hata ndugu za Bundi wakamwogopa. Mbogo alitambuliwa kuwa mtaalamu wa sehemu zile za mila zinazohusu nyama.

Bwana Shauri alitia saini kila mara. Alimwambia karani kwamba anapenda kuona makabila yakikaribiana.

Halafu lilitokea ambalo hata Igoki hakulipanga: kila mtu alinogewa. Mzee Bundi, ambaye hakuwa amevuka Nithi tangu ujana wake, alifika Runyenjes, akaona kahawa inavyopaliliwa, akala ndizi za huko, akarudi kwake. Kisha akatangaza kwamba kuna mila moja walikuwa wameisahau: baba wa binti ni lazima ayaonje maji ya mto atakayokunywa mwanawe. Mito ya Embu si michache. Alionja Ena, akaonja Thuci, akaonja Rupingazi, na mjini Embu akaonja kitu ambacho hakikutoka mtoni. Ciakuthii naye, aliyekuwa amekubali kwamba atafia ndani ya handaki, aligundua kwamba mila ya Waembu inamtaka mama wa bwana arusi akakague jiko la upande wa pili, na akakae huko wiki ili alikague vizuri. Ukweli ni kwamba mila za Meru na Embu zilikua zaidi katika miaka hiyo kuliko katika karne nzima iliyotangulia.

Igoki aliona kisima. Aliona Embu mjini. Akapelekwa Kiritiri kuona mbuzi ambao hawakuwa na uhusiano wowote na posa. Siku moja Runji alimpandisha kilima cha Karue, wakiwa na Mbogo kama mlezi, naye mlezi akalala kivulini mara tu walipofika. Kutoka juu nchi nzima ya chini ilifunguka, kijivu na kahawia, mpaka Tana, mpaka Ukambani, mpaka mahali ambapo mbingu inaacha kujisumbua.

Igoki alikaa juu ya jiwe, akatazama. "Nchi yote hii ilikuwa hapa," alisema hatimaye, "na wametuweka kwenye kijisanduku, tukazoea."

"Hukuzoea wewe."

"Nilikuwa nimeanza."

Runji alikuwa ameitazama nchi hiyo mara nyingi kutoka jiwe hilohilo. Siku hiyo, akiulizwa ilikuwa na rangi gani, hangeweza kujibu.

Mwezi wa kwanza wa mwaka wa sitini, hali ya hatari iliondolewa. Tangazo lilisomwa, homgadi akatoka langoni, na handaki likaanza kujazwa na walewale waliolichimba. Pasi zikawa karatasi za kuwashia moto. Runji alijitoa katika kwaya wiki hiyohiyo. Mwalimu Njue alimpa mkono kwa uchangamfu ambao hakuwahi kumwonyesha.

Alipanda lori kwenda Meru. Barabarani hakuna aliyemsimamisha, na karibu aone amedharauliwa. Alifika kwa Mzee Bundi alasiri, akamkuta Igoki anapalilia viazi karibu na ua.

"Umekuja na wazee?" Igoki aliuliza.

"Hapana."

"Kwaya inaimba wapi?"

"Nimetoka kwenye kwaya."

"Kuna mila gani leo?"

"Hakuna."

Igoki aliliegemea jembe lake. "Basi umekuja kufanya nini?"

Kwa miaka yote hiyo Runji hakuwahi kufika mahali bila sababu nzuri, iliyogongwa muhuri. Alitafuta moja, akakosa. "Nimekuja kuwasalimu," alisema.

"Umetusalimu. Tumeitikia. Uwasalimie na huko."

Akaendelea kupalilia. Runji alisimama hapo kidogo, akaaga, akashuka mpaka barabarani, akapanda lori la kurudi. Alilala mjini Meru, na kulipopambazuka akapata jingine la kwenda Embu. Alipofika Nkubu aligonga paa la dereva kwa ngumi.

"Embu bado!" dereva alipiga kelele.

"Najua!"

Alishuka akarudi Igembe, akakuta viazi vimemalizika, Igoki ameanza mahindi. Mzee Bundi alikuwa kwenye kigoda chake, anatafuna, anatazama upande mwingine kwa bidii.

"Umesahau nini?" Igoki aliuliza.

"Nataka kwenda Isiolo," Runji alisema. Alikuwa anahema. "Nimesikia kuna ngamia. Lori la kwenda huko lilisimama pale Makutano jana, lina nafasi, ningeweza kupanda. Nikaona sitaki kuwaona ngamia peke yangu. Sitaki kuona kitu chochote tena peke yangu, nikianza kutazama naanza kufikiri wewe ungesema nini. Ni ugonjwa. Hata huko Embu nikirudi ni hivyo hivyo."

Igoki alimtazama kutoka viatuni mpaka kofiani. Hakufanya haraka.

"Isiolo kuna vumbi," alisema. "Ngoja nichukue leso."

Alikuwa amekwisha kuliangusha jembe na kugeukia nyumba wakati Mzee Bundi alipokohoa.

"Mbuzi kwanza," alisema, bila kugeuza kichwa. "Ngamia baadaye."